Kubika Sauti ya Bibi Karolina

Sauti ya mama yake Odilia ilibadilishwa kwa mbuzi jike mnadani, na wanaume wawili waliopeana mikono juu ya biashara ile hawakujua kwamba ilikuwamo. Mmoja aliondoka na mbuzi kurudi Ntobeye. Mwingine, mfugaji wa Kisukuma aitwaye Masanja, aliitia simu kwenye mfuko wa koti akaswaga ng'ombe wake kuelekea upande wa Biharamulo. Siku hiyo mwenye sauti alikuwa bado hai, anapukuchua maharage uani kwa binti yake. Alipokufa, majuma machache baadaye, simu ile ndiyo iliyokuwa mahali pekee penye jibu la swali ambalo waombolezaji walikuwa wanaulizana kwa sauti ya chini: habari ya kifo chake ipelekwe kwa nani?

Nimekuwa nikiyarudia haya tangu mwezi uliopita, tulipokutana Ngara mjini kwenye arusi ya binti wa Odilia. Deo, niliyefanya naye kazi kule zamani, alikuja kutoka Mwanza, sasa ana kitambi na miwani ya kusomea, na bado anakula kama mtu anayewahi gari. Tulikaa meza moja chini ya turubai, tukala pilau na ndizi za kuchoma, tukiangalia jinsi vijana wanavyopiga picha kila kitu hata kabla ya kukionja. Odilia alipotufikia, kilemba kimemkaa kama taji, alimvuta mkwewe mpya kwa mkono akamwambia, "Hawa ndio walionifundisha kwamba laini si mtu." Mkwe akatabasamu kwa adabu bila kuelewa. Deo alicheka hadi akapaliwa. Juu ya mama yake hatukusema neno. Wakwe walikuwapo, na siku ya arusi haibebi mambo ya aina hiyo. Lakini Odilia alipokuwa anaondoka aliniinamia sikioni akasema, "Mwalimu, bado sijajua." Nilielewa anasema nini, na usiku ule sikupata usingizi wa maana.

Mwaka ninaoukumbuka, shirika dogo ambalo sasa halipo tena liliniajiri niende Ngara kusaidia kukusanya sauti za wazee wakieleza mbegu za asili: maharage ya rangi zote, mihogo, migomba ambayo vijana hawaijui majina. Mimi ni mtu wa Morogoro. Kihangaza sikukijua, Kirundi sikukijua, na nilikuwa katika umri ule ambao mtu anadhani jambo likiandikwa vizuri limekwisha eleweka. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kilinuka saruji na rangi. Dirisha lake lilifunguka kwenye stoo ya duka, kwa hiyo kutwa nzima tulisikia watu wakibishana juu ya misumari na bati, na kuna mzee mmoja ambaye kila Jumatatu alikuja kulalamika kwamba kitasa alichouziwa kinafunga lakini hakifungui. "Mzee, hicho ni kizima," muuzaji alikuwa akimjibu. "Kazi ya kitasa ni kufunga." Adhuhuri mama lishe alituletea ndizi zilizopondwa na maharage kwenye sufuria yenye mfuniko uliobonyea, akasimama mlangoni akitutazama tunavyokula mbele ya kompyuta, kama mtu anayetazama watoto wanaocheza na moto.

Deo ndiye aliyeitengeneza programu ya kurekodia sauti hizo. Hakutaka iwe ya kupakuliwa, kwa sababu simu za wakusanyaji, wanavijiji waliokuwa wakiwarekodi wazee, zilikuwa zao wenyewe, ndogo, zimejaa nyimbo za kwaya na picha za ubatizo, na wengi hawakuwa na akaunti ya kupakulia chochote. Akaiweka kwenye tovuti. Kila simu ina kivinjari, hata kama mwenyewe hajui kinaitwaje. Kule walikiita "dunia", kwa sababu ya alama yake. "Ingia kwenye dunia, andika anwani," tulikuwa tukiwaambia. Tatizo lilikuwa mtandao. Ntobeye na Bukiriro ziko karibu sana na mpaka kiasi kwamba simu inaweza kulala Tanzania ikaamka imeshikwa na mnara wa ng'ambo, salio likanyonywa kabla ya chai, kwa hiyo watu waliizoea hali ya kuzima data na kuisahau. Deo alilijua hilo, akaamua sauti ikirekodiwa ikae kwanza ndani ya kivinjari chenyewe. "Kivinjari kina stoo," alinieleza, akionyesha kwa kijiko dirisha la duka. "Kila tovuti inapewa chumba chake humo ndani. Tunaweka sauti kwenye chumba chetu, mtandao ukipatikana tunaipeleka Dar, tukihakikisha imefika tunaifuta ili chumba kisijae." Kila sauti ilipoingia chumbani, neno la kijani lilitokea kwenye kioo: IMEHIFADHIWA. Tulilichagua pamoja, mimi na yeye, tukala ndizi zetu tukiwa tumeridhika.

Neno hilo lilianza kutusumbua siku ya kwanza ya mafunzo. Tulikuwa katika darasa la shule, Ntobeye, mvua inapiga bati, wakusanyaji wamekaa kwenye madawati ya watoto magoti yakiwagusa videvu. Odilia alikuwa mbele kabisa. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, na kweli alikuwa kiongozi wa kwaya. Nikataka kuwapendeza wenyeji, nikamwuliza kuhifadhi kwao wanasemaje. "Kubika," alisema. Nikageuka kwa darasa zima nikatangaza kwa furaha, "Haya, sasa kila mtu abike sauti yake!" Kisha mama mmoja wa nyuma akauliza, "Kwani nani amefariki?" Darasa likapasuka. Watu walilala juu ya madawati, wengine walitoka nje kwenda kuchekea mvuani. Odilia akijifuta machozi akanieleza kwamba kubika ni kuweka kitu kisipotee, na kubika vilevile ni kupeleka habari ya msiba kwa ndugu wa marehemu. Tofauti iko katika namna ya kulitamka, na mimi nilikuwa nimelitamka la msiba. Alinitamkia mara nyingi, moja na jingine, moja na jingine. Sikio langu halikuwahi kuipata tofauti hiyo. Kuanzia siku hiyo wakusanyaji wakawa wananipokea vijijini kwa kuuliza, "Mwalimu, leo umekuja kubika nani?"

Nililala kwa Odilia mara nyingi mwaka ule, kwa kuwa Ntobeye haikuwa na nyumba ya wageni ambayo angekubali nilale. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, sebule yenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na nyuma yake jiko la nje ambako ndiko watu walikoishi hasa. Huko ndiko nilikomkuta mama yake, Bibi Karolina, juu ya mkeka, ungo mapajani. Alikuwa mdogo wa umbo, mkavu, mwenye macho yanayokutazama hadi umalize kusema. Alivuka mpaka akiwa msichana, peke yake, wakati wa mojawapo ya zile mbio za wakimbizi ambazo watu wa kule huzitaja kwa kusema tu "tulipokuja". Aliolewa Ntobeye, akazaa, akalima, akazeeka. Zaidi ya hapo alikuwa amefunga mdomo. Odilia alijua kwamba mama yake alitoka Burundi kama anavyojua kwamba mvua hutoka mawinguni. Mlima gani, kwa nani, hakuwahi kuambiwa, na alipokuwa mdogo aliuliza mara moja akapewa kazi ya kuchota maji.

Nilimsalimia, "Shikamoo, bibi." Akaitika marahaba, akaniuliza kama nimekula kabla hata ya kuniuliza jina. Tulikula kisamvu kilichopikwa kwa mawese, na mihogo ya kuchemsha, na Renatus, mumewe Odilia, mtu mpole wa maneno machache, akatuhadithia jinsi jogoo wake alivyomshinda jogoo wa katekista. Baadaye Odilia alitaka kumwonyesha mama yake kazi yetu. Akamrekodi akikohoa, akamwonyesha neno la kijani. "Linasemaje?" bibi aliuliza. "Linasema imehifadhiwa, mama." Bibi Karolina akaweka ungo chini. "Imehifadhiwa na nani?" Nikajaribu kueleza stoo ya Deo, vyumba, mtandao, Dar. Alinisikiliza hadi mwisho. "Mwarimu," alisema, maana ulimi wake ulipenda r, "hifadhi naijua mimi. Hifadhi ni ya mwenye nyumba. Unapewa pa kulala, unashukuru, halafu asubuhi moja anakuja mtu anasema nyumba imejaa, fungeni mizigo." Kisha akacheka kidogo, akanisukumia kipande kingine cha muhogo. Nilipomsimulia Deo maneno hayo, sikutarajia kwamba ataacha kula. "Ndivyo ilivyo kweli," alisema. "Simu ikijaa, kivinjari kinaweza kufuta vyumba vya tovuti bila kumwuliza mtu. Unaweza kukiomba ukaazi wa kudumu, lakini kinaweza kukataa." Akaanza siku hiyohiyo kuandika lile ombi. Halikuwa limemalizika mambo yalipotokea.

Siku ambayo Bibi Karolina alirekodiwa sikuwapo. Nimeisikia kwa Odilia mara nyingi mno kiasi kwamba naiona. Maharage yalikuwa yamevunwa. Odilia aliisimamisha simu kwenye kikombe mbele ya mama yake, akabonyeza, akamwuliza juu ya mbegu moja nyekundu yenye jicho jeupe. Bibi akaanza kueleza inapandwa lini, inaiva lini, nani aliileta. Katikati ya maelezo maziwa yakaanza kufurika jikoni, Odilia akakimbia kuyaepua, na huko akakuta mbuzi ameingia kwenye viazi, basi akawa na kazi. Aliporudi mama yake alikuwa amenyamaza, simu ingali inarekodi. "Umemaliza, mama?" "Nimemaliza. Na yale uliyoniuliza ulipokuwa mtoto nimeyasema. Yamo humo." Odilia akainamia simu. Akabonyeza kumaliza. IMEHIFADHIWA. Hakuisikiliza palepale. "Ningeisikilizaje, mwalimu, yeye amekaa pale ananitazama? Nilisema nitasikiliza siku nikiwa peke yangu. Mama yupo, sauti ipo, haraka ya nini?" Sauti ilikuwa ndefu, nzito kwa mtandao, na data ilikuwa imezimwa kwa hofu ya mnara wa ng'ambo. Ikabaki chumbani mwake.

Muda si mrefu binti yake, huyuhuyu aliyeolewa mwezi uliopita, akiwa na kazi yake ya kwanza Geita, akamtumia simu mpya. Odilia alifanya kile ambacho kila mtu wa kule angefanya: alichomoa laini kwenye simu ya zamani akaichomeka kwenye mpya. Majina ya watu yakaja. Pesa zake za simuni zikaja. Namba yake ikaja, na waliompigia walimpata yeye. Simu ya zamani ikawa ganda. Renatus akaipeleka mnadani, akamwona Masanja na mbuzi wake, wakaelewana.

Bibi Karolina alikufa kiangazi, mchana, baada ya kuomba uji na kuukataa. Nilifika kwenye matanga nikawakuta wanaume kwenye moto uani, wanawake ndani, na mazungumzo ambayo hayakusemwa kwa nguvu lakini hayakukoma. "Mtu hazikwi kama mgomba," niliwasikia akina mama jikoni, mmoja wao akinitafsiria kwa huruma. "Ana kwao." "Kwao wapi?" "Si Odilia aseme." "Odilia hajui." "Mtoto gani hajui kwao mama yake?" Maana kwa desturi yao msiba haujakamilika hadi mtu atumwe kwa ndugu wa marehemu, aketi, apewe kinywaji, ndipo aseme. Odilia alikuwa ndani na simu mpya mkononi. Alikuwa ameingia kwenye dunia, ameandika anwani, na ukurasa ulikuwa umemwambia hakuna sauti yoyote. Aliniinulia kioo. "Mwalimu, laini ni ileile. Namba ni ileile. Kwa nini inanikataa?" Nilikaa kando yake kwenye mkeka nikamwambia kwa lugha nyepesi niliyoweza kwamba sauti haikukaa kwenye laini, ilikaa kwenye kivinjari cha simu ile ya zamani, na haiwezi kumfuata. "Laini ndiyo mtu," alisema. "Simu ni nguo tu." Halafu akauliza, "Kwa hiyo mama amebaki kwenye nguo niliyouza?"

Kumpata Masanja hakukuwa kugumu kama tulivyoogopa. Renatus aliujua mnada, mnada ulimjua Masanja, na matanga yalipoanuliwa tulisafiri, mimi na Odilia na Renatus, hadi ng'ambo ya Nyakahura, kisha pikipiki zikatuingiza kwenye njia za ng'ombe. Kwake kulikuwa na nyumba tatu za nyasi na moja ya bati, zizi kubwa kuliko nyumba zote, na wake zake wawili wanatwanga kwa zamu. "Mwangaluka!" alitusalimia kwa Kisukuma kutoka mbali, kofia ya pama kichwani, akiwa na furaha ya mtu asiyepata wageni. Hakukubali tuseme chochote kabla ya maziwa mgando na ugali. Renatus alipoeleza, aliacha kutafuna. Akaitoa simu mfukoni, kioo kimepasuka kona, akaiweka mbele ya Odilia kwa mikono miwili. "Mama, pole sana. Sikujua nimebeba mtu." Kisha akaongeza: "Ila kuna siku ilisema nafasi imejaa. Nikaipeleka kwa fundi wa Nyakanazi, akanisafishia."

Odilia alifungua ile dunia, mtandao ulikuwapo, na tukauona ukurasa wetu, na chini yake maneno yaleyale: hakuna sauti. Alitoa mlio mdogo kama wa mtu aliyejikwaa. Nikampigia Deo kwa simu yangu. Sikumbuki nilivyosema, lakini nakumbuka swali lake: "Anwani iliyo juu hapo, ni ya zamani au mpya?" Miezi miwili nyuma shirika lilikuwa limebadili anwani ya tovuti, na aliyeandika ya zamani alipelekwa kwenye mpya bila kuhisi. Ilikuwa mpya. "Basi hamjaingia chumba chake," Deo alisema. "Kila anwani ina chumba, na cha jirani hakichunguliwi. Mko mlango wa pili. Zima data." Nilidhani sijasikia. "Nizime?" "Zima kabisa. Mtandao ndio unaowavuta kwenye mlango mpya. Ukikosekana, kivinjari kitafungua ule ukurasa wa zamani kiliojiwekea. Kama fundi hakuufuta." Masanja mwenyewe ndiye aliyezima. Odilia akaandika anwani ya zamani herufi kwa herufi, midomo ikimchezacheza kama anayesali rozari. Ukurasa ukawa mweupe. Ukaendelea kuwa mweupe. Mmoja wa wake za Masanja alikuwa ameacha kutwanga. Kisha rangi ya zamani ikatokea, ile ambayo Deo aliibadilisha baadaye, na chini yake mstari mmoja, jina la mbegu ya maharage, na neno la kijani.

"Msiichezeshe!" Deo alipiga kelele masikioni mwangu. "Kwanza toeni nakala!" Kulikuwa na kitufe cha kupakua. Tulikibonyeza, simu ikajibu kwamba nafasi haitoshi. Masanja akaichukua, akakaa juu ya kigoda, akaanza kupitia video zake za ngoma kama mtu anayechagua ng'ombe wa kuchinja. "Hii siwezi, huyu ni fahali wangu aliyekufa. Hii ni ngoma ya Bagika, wametuimba sisi kwa jina." Mke mkubwa akainama begani kwake. "Futa arusi ya ndugu yako." "Arusi ya ndugu yangu?" "Si walishaachana? Unawawekea nani?" Renatus, ambaye sikuwahi kumwona akicheka tangu msiba, alicheka. Arusi ikafutwa. Nakala ikatoka, ikahamishiwa kwenye simu ya Odilia, na kwenye yangu, na kwenye ya Renatus, na ndipo Odilia alipokaa chini, akanyoosha miguu, akabonyeza.

Bibi Karolina alikohoa akaanza na maharage. Tulisikia maziwa, tulisikia Odilia akikimbia, tulisikia mbuzi akifukuzwa. Kisha sauti ikasogea karibu, kama mtu anayemwinamia mtoto. Renatus alinitafsiria kwa mnong'ono. "Amekwenda. Sasa wewe, simu, sikiliza vizuri." Akataja mlima, jina lake sitaliandika hapa, kwa kuwa wenyewe wapo. Akataja baba, akataja kaka aitwaye Stefano, akaeleza nyumba ilivyokaa, mto uko upande gani, mti gani ulikuwa mlangoni. Hakulia wala hakuharakisha. Mwishoni alisema, "Siku yangu ikifika, mwende kwa Stefano. Mkaseme Karolina hayupo tena." Masanja, ambaye hakuelewa neno hata moja la Kirundi, alikuwa amevua kofia. Odilia aliichezesha tena, na tena, na mara ya tatu akarudia majina pamoja na mama yake, kwa sauti moja, kama anavyofundisha kwaya.

Tuliporudi, Deo aliondoa lile neno la kijani. Kuanzia mwezi uliofuata sauti ambayo haijatumwa iliandikwa IKO KWENYE SIMU HII TU, kwa rangi ya machungwa, na wakusanyaji walimwambia kwamba sasa ndiyo anaongea. Mimi nilikuja kufanya kazi nyingine nyingi baadaye, katika ofisi zenye viyoyozi, na nimekaa kwenye vikao virefu ambako watu wasomi walijadili data itunzwe wapi na kwa muda gani. Kila mara nilimwona mwanamke mdogo mkavu mwenye ungo, akiuliza swali lake: na nani? Sijasikia swali bora zaidi katika kazi hii.

Renatus alivuka mpaka vuli ilipoanza, kwa njia ya halali ya Kabanga, amevaa koti lake la kanisani, akiwa na sauti ya mama mkwe wake kwenye simu. Alirudi baada ya siku chache na alinieleza mbele ya Odilia, akitazama mikono yake. Mlima aliukuta. Mto ulikuwa upande uliosemwa. Nyumba ilikuwa mpya lakini mahali palepale, na Stefano alikuwapo, mzee mwenye mkongojo, akampa kiti na kinywaji kama inavyotakiwa. Renatus akanywa, akasubiri, akasema alichotumwa: Karolina hayupo tena. Mzee hakulia. Alimtazama kama mtu anayetazama kichaa, kisha akageuza uso kuelekea mlangoni akaita. Akatoka bibi kizee, mrefu, mnene, mwenye kilema cha jicho. Stefano akasema, "Dada yangu Karolina huyu hapa. Hajawahi kuondoka mlimani." Dada mwingine, alisema, hakuwahi kuwa naye.

Renatus akaitoa simu akawachezeshea sauti. Yule bibi aliisikiliza yote, maharage na mbuzi na mto na mti wa mlangoni, bila kutikisika. Akaomba irudiwe. Ilipokwisha mara ya pili alisema, "Huyo ananijua vizuri," akaingia ndani, na hakutoka tena hadi Renatus alipoaga. Odilia ametuma watu mara kadhaa tangu hapo. Wanapokewa, wanapewa viti na kinywaji, wanaulizwa habari za mavuno; yule aliyeishi Ntobeye kwa jina la Karolina alikuwa nani, hawaambiwi. Msalaba wa mti pale Ntobeye ulikuwa umeandikwa jina kwa rangi nyeupe. Mvua za miaka hii zimelifuta, na Odilia hajaagiza liandikwe upya, wala jingine.